Barua za Kumpendekeza Nirvair

Mimi ni mtu wa hasira, wala sifichi. Nimekuwa karani wa mji wa Ostrem, Saskatchewan, kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo nimemrushia diwani kikombe mara moja tu, tena hakikumpata. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba Ijumaa ile nilisimama katikati ya barabara kuu nimeziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yananitiririka mbele ya watu niliokua nao, mjue halikuwa jambo dogo.

Lakini nianze na kosa, maana kosa lilikuwa letu, na langu hasa.

Serikali imeruhusu miji midogo kama wetu kumdhamini mtu mwenye ujuzi kutoka nje. Mwajiri anampa kazi, kisha kamati ya mji inakaa, inampa alama, na akifaulu inampa barua. Kwa barua hiyo anaomba makazi ya kudumu na kuleta familia yake. Bila barua, kibali chake cha kazi kikiisha anafunga virago. Basi sisi tulikuwa na Nirvair Singh Sohal, fundi wa kombaini kwenye gereji ya Lorne Pidskalny. Kibali chake kilikuwa kinaisha mwisho wa Novemba. Kwao Punjab alimwacha mke wake, Kulwant, na binti yao Jasnoor, aliyekuwa na miaka mitano. Sasa ana minane, na hiyo miaka mitatu baba yake ameiona kwenye simu.

Nilimjua Nirvair siku ya dengu. Ilikuwa Septemba ya mwaka juzi, mimi na kaka yangu Arne tumebakiwa na shamba moja la kuvuna. Dengu zimekauka, ukizigusa zinapukutika, na magharibi kumetanda wingu la rangi ya kijani. Wingu la rangi hiyo huku kwetu ni mvua ya mawe, halina mjadala. Kombaini ya Arne ikakohoa, ikasaga chuma kwa chuma, ikazima. Arne akakaa kwenye vumbi, akavua kofia. Nikampigia Lorne, akasema, "Namtuma yule Muhindi wangu." Wakati ule ndivyo tulivyomwita, tulikuwa hatujamjua.

Akaja mtu mwembamba, kilemba cha bluu, ndevu zimefungwa vizuri, mkononi kasha moja la spana. Akamwambia Arne awashe, angalau iungurume kidogo. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chuma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Mimi nilikuwa naongea. Nikiwa na wasiwasi huwa naongea.

"Dada," akasema bila kufumbua macho, "nyamaza kidogo."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia ninyamaze akaondoka salama, muulizeni yeyote. Nilinyamaza. Akaisogeza ile bisibisi mara tatu, nne, kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa, kisha akaonyesha mahali ambapo mimi na Arne tusingepaangalia hata kwa mwaka mzima. "Hapa. Shafti imekula kiti chake."

Kipuri kilikuwa mjini Regina, mwendo wa saa tatu. Nirvair akaliangalia wingu, akaziangalia dengu, akaniuliza kama nina kopo lolote la bati. Nikampa kopo langu la kahawa. Akamwaga kahawa kwenye kofia ya Arne, akakata kipande cha bati, akakikunja, akakipima kwa ukucha wa kidole gumba, akakikata tena, akakichomeka kuziba pale palipolika. Dakika arobaini baadaye kombaini iliwaka ikanguruma vizuri kuliko siku iliyonunuliwa. Tulimaliza shamba lile mawe ya kwanza yakigonga kioo. Mwili ulinisisimka, nasema kweli. Nimezaliwa kati ya mashine, baba yangu alikuwa na mashine, lakini sikuwahi kuona mtu akizisikia namna ile.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema alianza na miaka kumi na mitano. Kwao kombaini zinasafiri, zinaifuata ngano inavyoiva, kutoka Punjab hadi kusini kabisa mwa India, miezi na miezi, mafundi wanalala juu ya mashine. Huko njiani hakuna duka la vipuri. Ikiharibika, una masikio yako na takataka utakayookota. Kisha akaokota punje za dengu kwenye trela yetu, akazichezesha kiganjani.

"Hizi mama yangu hununua," akasema. "Kwenye gunia wameandika Canada. Nilipokuwa mtoto nilidhani Canada ni jina la mwenye duka."

Arne alimpa mkono. "Si mbaya," akamwambia.

Nikageuka kumtazama kaka yangu. Si mbaya! Arne hakumwambia hivyo hata daktari aliyemwokoa moyo. Hapo ndipo mtuelewe sisi ni watu gani. Watu wa Ostrem hatusifu. Ukimsifu mtu mbele yake atadhani unataka kuazima trela yake. Mama akileta pai kwenye karamu ya mavuno, ukala vipande vitatu, unamwambia, "Imelika," na mama wa watu anarudi nyumbani anaimba. Baba yangu alipokuwa anakata roho alimshika mama mkono akamwambia, "Hukunisumbua sana." Mama aliyarudia maneno hayo kila Krismasi hadi naye alipokufa, na kila mara sauti yake ilitetemeka.

Basi kamati ilipotaka barua za wakazi kumpendekeza Nirvair, kuonyesha kwamba amejenga mahusiano na mji, nani alibandika tangazo kwenye duka la ushirika? Mimi. Na niliandika nini chini yake, kwa wino mwekundu? "Andikeni ukweli. Msitie chumvi." Zikaja barua kumi na nne. Nilizisoma zote, moja baada ya nyingine, na nilijisikia fahari hadi nikatengeneza kahawa ya pili. Sijawahi kuona watu wa mji huu wakifunguka kiasi kile.

Jumanne ile mwenyekiti wa kamati akaniita ofisini kwake. Anaitwa Bi Corinne Vachon, amekuja kutoka mji mkubwa, alikuwa hajamaliza miezi minne na sisi. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kanuni, na alikuwa na sababu: watu wanne waliodhaminiwa kabla ya Nirvair walipata karatasi zao, na kabla wino haujakauka wakahamia Toronto. Safari hii alitaka kuona mizizi.

"Bi Verna," akasema taratibu, "kuna tatizo kati ya huyu Bwana Sohal na watu?"

"Tatizo gani?"

"Alama za kufaulu ni sitini. Ana hamsini na nne. Kazi, ujuzi, lugha, kote yuko vizuri. Lakini hapa kwenye mahusiano na jamii, kati ya alama ishirini nimeweza kumpa mbili."

"Mbili! Na zile barua?"

"Barua ndizo zilizomwangusha." Akachukua ya juu, akasoma. "'Fundi huyu si mbaya. Kombaini inatembea. Elroy Fehr.'" Akachukua nyingine. "'Nimeshaona wabaya kuliko yeye.' Hii ya Bi Olga Wasylyk: 'Sina la kulalamika, na huwa ninalo.' Kuna huyu kaka yako: 'Anaweza kukaa.' Na hii..." Akanitazama kwa huruma. "Hii ni yako. Neno moja. 'Anafaa.'"

Nilihisi damu ikinipanda masikioni. "Bi Corinne, hizo ndizo sifa kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika wilaya hii!"

Hakucheka. Akaniambia anatamani kuniamini, lakini faili litaenda kukaguliwa juu, na mkaguzi atasoma kilichoandikwa, hatasoma moyo wangu. Barua mpya haziruhusiwi, muda umepita. Kilichobaki ni kimoja: Ijumaa kamati inakaa kwa mara ya mwisho mwaka huu, na kanuni zinaruhusu wakazi kufika wenyewe na kueleza, kwa kinywa, mbele ya kamati. Saa sita mchana kikao kinafungwa. Nirvair asipopata barua Ijumaa, Novemba ikiisha anaondoka.

Nilitoka mle nikiwa nimejaa kama puto. Ilikuwa saa nne, na saa nne kila siku ya Mungu wazee wa Ostrem wako kwenye ile meza ndefu ya mgahawa wa ushirika, wanakunywa kahawa na kusema uongo kuhusu mvua. Nikaingia na mafaili yangu kwapani.

"Haya, karani kaja na moto," akasema Elroy Fehr. Elroy ana miaka sabini na mitatu, mikono kama makoleo, na kwenye meza ile yeye akinyamaza wote wananyamaza. "Nani kaegesha vibaya?"

"Wewe ndiye uliyeegesha vibaya, Elroy, tena kwenye karatasi! 'Kombaini inatembea!' Umemuua mtu!"

Nikawaeleza. Nilieleza kwa sauti iliyofika jikoni, mpaka mpishi akatoka na mwiko wake. Nilipomaliza, meza nzima ilikuwa inaangalia vikombe.

"Lakini mimi nilimsifu," akasema Elroy polepole. "Nilifikiri hata nimezidisha. Nilitaka kufuta ile sentensi ya kwanza."

"Sasa Ijumaa mtakuja. Mmoja mmoja. Mtasimama mbele ya kamati, mtasema mtu huyu ni mzuri kiasi gani, na kwa nini mnamtaka."

"Kwa mdomo?" akauliza Arne.

"Unataka kusema kwa pua?"

"Na yeye mwenyewe awe amekaa pale pale?"

"Atakuwa amekaa pale pale, Arne. Anasikiliza."

Mngewaona! Wanaume waliowahi kuzalisha ng'ombe kwenye baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri, mmoja wao aliyejikata kidole na kuendesha gari mwenyewe hadi hospitali, wote wamekuwa weupe kama unga. Elroy akasafisha koo. Akasema, "Mimi nilimzika mke wangu, Verna, na mchungaji aliponiomba niseme maneno mawili nilishindwa. Unajua. Ulikuwepo."

Nilikuwepo. Lakini hasira ilikuwa imeshanishika, nikawaambia kama wanaona haya kuliko wanavyomhitaji fundi, basi mwakani wavune kwa meno. Nikabamiza mlango. Nilipofika kwenye gari nilijua nimeharibu zaidi.

Nikaenda gereji. Nirvair alikuwa chini ya trekta, miguu tu inaonekana, na pembeni simu imeegemezwa kwenye tairi. Kwenye simu Jasnoor, amevaa nguo za kulala, anamsomea baba yake hadithi ya kitabu cha shule. Ndivyo walivyofanya kila siku, yeye asubuhi, mtoto kabla ya kulala. Baba hasemi, anasikiliza tu huku anakaza nati. Nikasubiri hadithi iishe. Mtoto alipoaga, nikamweleza baba yake yote, bila kujitetea, pamoja na lile tangazo la wino mwekundu.

Alijifuta mikono muda mrefu. "Kwa hiyo ni alama sita," akasema.

"Ni alama sita. Na Ijumaa ndiyo mwisho."

"Kulwant ameshauza cherehani, anajiandaa kuja." Akaichukua simu pale kwenye tairi, akaitia mfukoni. Kisha akasema, "Dada, usiwalazimishe."

"Nitawalazimisha! Nitawaburuta!"

"Hapana. Mtu wa kimya ukimlazimisha kusema anasema uongo. Mimi nimewasikia mara ya kwanza. Bi Olga aliponiambia hana la kulalamika, nilienda nyumbani nikampigia mke wangu." Akatabasamu kidogo, nami nikaangalia pembeni, maana sikutaka anione. Miaka mitatu tu, na mtu huyu alikuwa ametusikia sisi kama anavyosikia mashine. Bi Corinne ana shahada mbili na hakutusikia.

Ijumaa nilifungua ukumbi mapema. Nje baridi imekaza, ardhi imeganda, theluji bado. Nikapanga viti arobaini. Saa tatu ikapita. Saa nne wakaja wajumbe wa kamati, watano, na Bi Corinne na daftari lake. Lorne akaja na Nirvair, aliyevaa koti lake la harusi na kilemba cha rangi ya zambarau kilichopigwa pasi hadi unaweza kujikata nacho. Wakakaa mstari wa mbele. Nyuma yao viti thelathini na nane vitupu.

Saa tano. Hakuna mtu. Nikatoka nje, barabara tupu. Nikapiga simu mgahawani, mpishi akasema meza ya wazee leo haina mtu hata mmoja, jambo ambalo halijatokea tangu aanze kupika pale. Wamejificha, nikawaza. Wamejificha nyumbani kwao kama panya. Niliwatukana moyoni mmoja baada ya mwingine, nikaanza na kaka yangu wa tumbo moja. Saa tano na robo. Lorne alisimama akasema maneno yake ya mwajiri, akamaliza, akakaa. Bi Corinne akatazama saa, akanitazama mimi, na nikaona hata yeye roho inamuuma.

"Tusubiri hadi muda uishe," akasema.

Nirvair alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Ghafla akainamisha kichwa upande mmoja.

Mimi sikusikia kitu. Niliona kwanza. Kahawa kwenye kikombe cha Bi Corinne ilianza kutetemeka, viduara vidogo vidogo. Halafu vijiko. Halafu vioo vya madirisha vikaanza kulia, na sakafu ikanifikishia mtetemo hadi magotini, na mjumbe mmoja akasema, "Treni?" Lakini treni ilishaacha kupita Ostrem tangu nikiwa msichana.

Tukatoka nje.

Zilikuwa zinakuja kutoka kaskazini, kutoka upande wa kwa kina Fehr, kombaini nyuma ya kombaini, zimeondolewa visu vya mbele ili zienee barabarani, taa zote zinawaka mchana kweupe. Nyekundu, kijani, njano. Ya mbele ilikuwa ya Elroy. Wameziendesha kutoka mashambani, wengine kilomita arobaini, kwa mwendo ambao baiskeli ingewapita; wameondoka kabla hakujapambazuka. Nikageuka, na kutoka kusini zinakuja nyingine. Trekta. Mashine za kupandia. Lori la kunyonya nafaka. Nilimwona Arne. Nilimwona Bi Olga Wasylyk, miaka themanini na minne, kajifunga mablanketi, amekalia katrekta kake ka kukatia majani, nyuma ya kombaini yenye magurudumu marefu kumzidi, na hapishi mtu. Zikajaza barabara kuu pande zote mbili hadi kwenye ghala la nafaka. Nilihesabu thelathini na moja, nikapoteza hesabu, nikaacha.

Jamani. Nimeishi mji ule miaka hamsini na minane. Nilidhani nawajua.

Hakuna aliyezima. Hakuna aliyeshuka. Walikaa juu huko kwenye vioo vyao, wanatazama mbele, uso umekauka kama kawaida, na ardhi inatetemeka. Hapo ndipo machozi yaliponitoka.

"Wanafanya nini?" Bi Corinne alinipigia kelele sikioni.

"Hizi zote amezitengeneza yeye!" nikapiga kelele. "Kila moja! Zilikuwa zimekufa!"

Alisimama pale, nywele zinapepea, macho yanakwenda kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho na kurudi. Mtu wa kanuni ni mtu wa kanuni. "Lakini lazima mtu aseme kitu! Niandike nini?"

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipopata akili kwa mara ya kwanza wiki ile. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kombaini ya pili, ya bwana mmoja wa kanisa letu ambaye sijawahi kumsikia akisema sentensi mbili zinazofuatana. "Muulize," nikamwambia, "ilikuwa na ugonjwa gani."

Akauliza. Yule bwana akafungua mlango, akashuka ngazi, akaanza. Giaboksi ilianza kuvuja mwezi wa nane. Aliita kampuni, wakamwambia nunua mpya. Nirvair akalala chini yake siku mbili. Akamwonyesha Bi Corinne kwa vidole, hapa, halafu hapa, halafu akachonga hiki kwa mkono, hebu pitisha kidole, unasikia mahali pa kuunga? Husikii. Na alikuja Jumapili. Na hakutaka kula mpaka imalizike. Bi Corinne akaandika ukurasa mzima. Kwenye ya tatu wakaanza kumgombania. Mtu ambaye hawezi kumsifu mwenzake hata kwa mtutu wa bunduki anaweza kukueleza habari za mkanda na puli hadi jua lizame, na ndani ya habari hizo Nirvair alikuwemo kila sentensi: akasikia, akaja, akakaa, akarudi kuangalia. Bi Olga alimsimulia Bi Corinne habari za katrekta kake, na namna fundi alivyomkatia majani msimu mzima kipuri kikisubiriwa. Hiyo hata mimi sikuijua.

Nikamtafuta Nirvair. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya barabara, kwenye ule mngurumo wote, amefumba macho.

Nilidhani anasali. Kisha akainua mkono mmoja, kama siku ile ya dengu, akaanza kutembea. Anatembea amefumba macho, jamani, kati ya mashine thelathini zinazounguruma, kichwa kimeinama upande. Akapita ya kwanza ya kushoto, akapita ya Arne, akarudi hatua mbili. Akafumbua macho mbele ya kombaini ya Elroy, akapunga mikono yote miwili.

"Zima! Elroy, zima!"

Elroy akafungua kioo. "Nimetoka nayo nyumbani kilomita thelathini na tano, haina kitu!"

"Zima sasa hivi!"

Akazima. Nirvair alipanda juu na koti lake la harusi, akafungua mfuniko wa injini, akaingiza mkono, akautoa upesi. Akatoa makapi makavu mkono mzima, yalikuwa meusi pembeni, na moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye vidole vyake. "Beringi ya puli ya kukaza mkanda," akasema. "Imekufa njiani. Imekuwa moto kama jiko. Dakika kumi zaidi ungekuwa umekalia moto na lita mia sita za dizeli."

Mmoja baada ya mwingine wakaanza kuzima. Kutoka kaskazini hadi kusini mngurumo ukapungua, ukapungua, hadi ukasikia bendera ya posta ikipigapiga. Zaidi ya thelathini zinaunguruma, naye aliisikia moja inayougua. Sijui niwaambie nini zaidi. Mimi nilisimama mdomo wazi na wajumbe watano wa kamati wamesimama mdomo wazi.

Elroy alishuka ngazi polepole, goti lake bovu. Aliyatazama yale makapi mkononi mwa Nirvair. Akavua kofia, na sote tulimwona anahangaika, anaizungusha kofia mikononi, kama siku ile kanisani. Niliomba Mungu amsaidie. Bi Corinne akasimama mbele yake na daftari, hakumharakisha, nampa heshima yake kwa hilo.

"Andika," Elroy akasema mwishowe. "Huyu mtu akiondoka, mimi nitalia. Andika hivyo hivyo, na jina langu."

Akaandika. Kisha akageuka kwa wajumbe wenzake hapo hapo barabarani, ikiwa saa sita kasoro dakika nane, akauliza nani anaunga mkono barua itolewe. Watano wakainua mikono. Lorne akaanza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Nirvair alitoa simu mfukoni kwa ile mikono myeusi, akapiga. Huko kwao ilikuwa karibu usiku wa manane lakini Kulwant alipokea kabla haijalia mara ya pili. Najua alikuwa amekaa nayo mapajani. Nikasikia sauti ya mwanamke inauliza, inauliza tena. Yeye anafungua mdomo, hakuna kinachotoka. Akanitazama mimi, mimi mwenye maneno ya kugawa, na mimi sikuwa na hata moja.

Elroy ndiye aliyeelewa. Alimpungia Arne mkono, Arne akawasha. Mwingine akawasha. Wakawasha wote isipokuwa Elroy, na Nirvair akainua simu juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye ule mngurumo, ili mke wake asikie.